Ufunguo wa Lango la Mapumziko

Zamani, kipenga cha mapumziko kilipolia katika uwanja wa Lintmill, mji mzima wa Kilmorrin ulitembea kutoka goli moja hadi jingine. Siku hizi kila mtu hukaa penye namba yake mpaka aambiwe aondoke.

Wattie Nimmo ndiye aliyekuwa akiufungulia mji huo njia. Kwa miaka thelathini na minane, dakika mbili kabla ya kipenga, aliiacha nafasi yake kwenye ngazi za zege, akashuka hadi lango la chuma lililotenga upande wa Reli na upande wa Kilima, akatoa mfukoni ufunguo mrefu kama kijiko cha kukorogea uji, akafungua. Hakuwa mwajiriwa wa klabu. Siku za kazi alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kitani, na kiwanda kilipofungwa akawa mfagizi wa shule, kisha akawa mzee tu. Lakini Jumamosi alikuwa mtu wa lango, na hilo halikufungwa pamoja na kiwanda.

Watu wa Kilmorrin hawakukubali kuwatazama Rovers, timu ya mji wao, kwa mbali. Rovers wakishambulia goli la Reli, watu walisimama Reli. Timu zikibadilishana pande, nao walihamia Kilima, wasimame nyuma ya kipa wa wageni na kumharibia jioni yake. Wageni nao walikuwa wakihama kuja upande wa pili. Makundi mawili yalipishana kwenye kichochoro nyuma ya vyoo, bega kwa bega, vikombe vya mchuzi wa nyama mkononi, na hapo ndipo watu walipotukanana sawasawa. Matusi yalikuwa na adabu yake. Ungeweza kumtukania mtu kipa wake, mji wake, pua yake na namna mkewe alivyomfunga skafu. Mama yake na kanisa lake hukugusa. Aliyegusa alishikwa ukosi na watu wake mwenyewe, akarudishwa nyumbani kabla polisi hajamaliza chai yake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na pengine ndiyo maana ilifuatwa.

Wattie alisimama na watu watatu penye chuma kimoja cha kuegemea, chuma kilicholainika kwa mikono yao. Fergus Tulloch alikuwa mwokaji, na pai za kondoo zilizouzwa uwanjani zilitoka katika tanuri lake. Lachie Meikle alikuwa mwezekaji wa mapaa. Mkewe Lachie, Isa, alikuwa mfumaji, na katika wanne hao yeye ndiye aliyejua mpira. Lachie alipofariki, Isa aliendelea kuja, akasimama pale pale aliposimama mumewe. Kilmorrin jeneza hushushwa kaburini kwa kamba, kila kamba ina namba yake, na familia huwapelekea kadi wale inaotaka wazishike. Siku ile Wattie alipewa kamba ya pili na Fergus ya tatu. Kadi ile Wattie aliitia katika Biblia ya mama yake, na hakuona haya kusema kwamba ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Basi akaja Crawford Haldane, mtu aliyetajirika kwa kuuza makabati ya jikoni, akawa mwenyekiti wa klabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuona nyumba ya mwenzake na kufikiria mara moja ukuta gani uvunjwe. Alileta viti vya plastiki, kamera, walinzi wa vizibao vya manjano, na pai za kiwandani zilizokuja zimeganda ndani ya lori. Alipiga marufuku kuingia na chakula kutoka nje. Fergus, aliyekuwa amestaafu, kila Jumamosi aliendelea kuoka pai nne kisha, baada ya Lachie, tatu; na kila Jumamosi walinzi waliuchukua mfuko wake getini, wakauweka mezani, wakamrudishia mechi ikiisha, pai zikiwa baridi kama miguu ya maiti.

Ili mashabiki wasinung'unike, Haldane aliwapa kiti kimoja katika bodi. Kwenye mkutano wa mashabiki Isa alisimama, akalitaja jina la Wattie. Wattie alikataa, akasema yeye si mtu wa makaratasi.

"Mpelekeni huyo huyo," alisema Fergus. "Miaka thelathini na minane anakaa mlangoni na hajawahi kuingia mahali. Atakuwa salama."

Watu wakacheka, mikono ikainuka, na Wattie akawa mjumbe wa bodi. Alipewa karatasi ya kutia sahihi, kwamba yanayosemwa ndani ya chumba cha bodi hayatoki nje. Akatia. Ndipo akaambiwa kwamba wajumbe huketi jukwaa kuu siku za mechi, na tai, na blanketi la magoti lenye nembo ya klabu. Jumamosi ya kwanza alikaa pale kama mtu aliyelazwa hospitali, akawatazama wenzake upande wa pili wa uwanja. Fergus alimpungia skafu kwa madaha, kama anayemuaga mfalme melini. Mapumziko yalipofika Wattie aliomba ruhusa, akashuka na tai yake, akafungua lango, akarudi kwenye blanketi. Hilo walimwachia. Alifikiri wangemwachia daima.

Yaliyoharibu mambo yalitokea mwezi wa Oktoba, siku Rovers walipocheza na Strathlee, mji wa jirani, ambao watu wa Kilmorrin huuchukia kwa sababu ni jirani. Baridi ilikuwa kali, mfuko wa Fergus ulikuwa mezani kwa walinzi, na njaa ikamshinda. Mapumziko yalipofika, kwa mara ya kwanza maishani alinunua pai ya kiwandani. Isa alisimulia baadaye kwamba aliiuma mara moja, akaitazama ndani kwa muda mrefu, kama daktari anayetazama picha ya mapafu, kisha akaitupa nyuma yake juu ya ukuta mfupi, kama mtu anayetupa mfupa. Hakulenga kitu. Alitupa aibu ya ufundi wake. Lakini chini ya ukuta ule alikuwa akipita mshika kibendera, na pai ikamtua shingoni, mchuzi wake wa moto ukaingia ndani ya shati.

Mtu alipiga kelele, kipindi cha pili kikachelewa dakika tisa, na Jumatatu gazeti la mkoa likaandika juu ya ghasia za mashabiki. Fergus mwenyewe hakujua. Alikuwa amegeuka, anakwenda zake Kilima na umati, na kelele alidhani ni za matusi ya kichochoroni. Aliposoma gazetini kwamba mtu amempiga mshika kibendera kwa pai, alisema katika baa ya Shuttle kwamba huyo ni mhuni, na kwamba zamani mtu wa namna hiyo angeshikwa ukosi. Isa hakuunganisha mambo hayo mawili. Aliona pai ikitupwa, hakuona ilipotua, na gazeti liliandika kana kwamba mhuni amelenga.

Wattie aliunganisha. Aliunganisha katika chumba cha bodi, Jumatano, mbele ya picha iliyotoka kwenye kamera. Uso haukuonekana. Ulionekana mkono, bega la koti, na kisogo chenye kofia nyekundu ya sufu yenye mstari mmoja uliopinda, mstari ambao Isa alikosea alipokuwa akiifuma, na Fergus akakataa asiufumue.

Haldane alieleza bila kupaza sauti. Chama cha ligi kinataka klabu ichukue hatua. Ama mkosaji apatikane, afungiwe uwanja maisha yake yote, na mambo yaishe. Au, kama hapatikani, klabu ioneshe kwamba imewatenga watu: lango la kati lifungwe, uzio ujengwe, kuhama wakati wa mapumziko kukome.

"Wewe umesimama na watu hawa miaka hamsini, bwana Nimmo," alisema. "Kofia hiyo huijui?"

Wattie aliitazama kofia. Alijua kwamba Haldane autaka ule uzio tangu siku aliyofika. Alijua pia kwamba Fergus hana mke, hana ndugu mjini, na kwamba wiki yake nzima, tangu kuwasha tanuri hadi kuzima taa, ilitazamana na Jumamosi saa tisa alasiri. Mwondolee Jumamosi na umemvua mifupa.

Akasema haijui.

"Basi tupige kura kuhusu uzio. Na ningependa iwe kwa kauli moja," alisema Haldane. "Mjumbe wa mashabiki akipinga, nitalazimika kuibandika picha hii mjini kote, watu wenyewe wamtafute mtu wao."

Mikono ikainuka, na wa Wattie ukawa wa mwisho. Aliiona mikono ya wengine kabla ya kuuona wake, na alipouona alidhani ni wa mtu mwingine, mkono wa mzee mwenye madoa, uliotoka kwenye mkono wa koti lisilo lake.

Alirudi nyumbani akijiambia kwamba ameokoa mtu. Lango ni chuma tu, alijiambia. Chuma hufungwa na hufunguliwa. Lakini Ijumaa ilibandikwa karatasi ukutani kwa klabu yenye uamuzi na majina ya waliounga mkono, na jina lake lilikuwa la tano.

Jioni ile ya Ijumaa aliingia Shuttle kama kawaida. Hakuna aliyemfukuza. Watu waliendelea kuzungumza habari za beki wa kushoto, kama afaa au hafai, na kama kocha ana macho. Wattie alipoagiza bia, Fergus alimwambia mwenye baa, kwa upole, amletee bwana mkurugenzi glasi yenye mkono, asije akachafua tai.

"Fergus," alisema Wattie.

"Ulikuwa ndani au hukuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

"Uliinua mkono au hukuinua?"

"Niliinua."

"Basi sema kwa nini, tunywe."

Watu wote walikuwa wakitazama vikombe vyao. Wattie alimtazama Fergus, mzee yule mnene mwenye makovu ya tanuri kwenye vifundo vya mikono, na kichwani kofia nyekundu yenye mstari uliopinda. Jibu lilikuwa pale pale juu ya kichwa cha mwulizaji. Lakini alimfahamu Fergus kuliko Fergus alivyojifahamu. Angeambiwa, angeinuka hapo hapo, bia ikiwa nusu, angekwenda hadi nyumbani kwa Haldane na kugonga mlango, na kusema ni mimi, nifungieni, wafungulieni wenzangu. Na Haldane angemfungia yeye na lango pia asingelifungua.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Hawezi kusema," Fergus aliwaambia wengine. "Miaka hamsini nimesimama na mtu, kumbe nilisimama karibu na kabati la jikoni."

Walicheka, hata Wattie nusura acheke, maana ilikuwa kejeli nzuri, na zamani angekuwa wa kwanza kuirudia. Aliinywa bia yake yote, kwa kuwa kuiacha kungekuwa kama kukimbia, akatoka.

Isa alimjia nyumbani Jumapili, baada ya kanisa. Hakukaa. Alisimama jikoni na mkoba wake kifuani.

"Mimi ndiye niliyelitaja jina lako," alisema. "Watu wananiuliza mimi. Nipe sababu moja, Wattie, hata kama ni ya kijinga. Nitakwenda kuwaambia ilikuwa ya kijinga, na watakusamehe. Wajinga tunawasamehe."

Alitamani kumwambia. Maneno yalimfika kwenye meno. Lakini alimjua Isa naye: alikuwa mwanamke mkweli, asiyeweza kubeba siri kutoka duka la nyama hadi posta. Kumwambia Isa ilikuwa sawa na kumwambia Fergus, kwa kuchelewa nusu saa. Tena aliogopa jambo jingine, dogo zaidi: kwamba Isa angekumbuka ule mkono ulioitupa pai, na ule mshono aliokosea, na angejiona yeye ndiye aliyemweka Fergus pichani.

"Ilinibidi," alisema.

"Ilikubidi. Lachie alikuwa anasema hivyo akitoka kulewa."

"Isa, niamini tu."

"Nilikuamini ndipo nikakutaja," alisema, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeondoka nyumba yenye mgonjwa.

Alifikiria kujiuzulu. Akaandika barua, akaichana. Picha ilikuwa bado kwenye droo ya Haldane. Na mwenyekiti alikuwa amemwambia, akimfungulia mlango wa gari kwa adabu, kwamba ni raha kufanya kazi na mtu ambaye hababaiki. Akitoka, ataingia nani? Atakayeingia ataoneshwa kofia ile, na ataijua, maana mji mzima unaijua. Hivyo ndivyo alivyonaswa. Alijifunga mwenyewe, akawa pia ndiye mlinzi wa mlango, na kila siku alipaswa kukaza kufuli, la sivyo angeumia mtu mwingine.

Uzio ulijengwa kwa siku nne. Lango la kati halikuondolewa. Liliachwa ndani ya uzio, limefungwa, kwa ajili ya zimamoto, na kufuli lilikuwa lile lile la zamani. Ufunguo hakuna aliyemwomba. Pengine walisahau. Pengine Haldane aliona kwamba umo katika mikono salama kuliko yote.

Jumamosi ya kwanza baada ya uzio, Rovers walicheza na timu ndogo ya pwani ambayo jina lake halina maana. Kipindi cha kwanza walishambulia goli la Reli. Wattie alikaa jukwaani na tai na blanketi, kulia kwake mke wa Haldane, kushoto kwake mtu wa matangazo, na mbele ya magoti chuma cha jukwaa. Hewa ilikuwa na harufu ya nyasi zilizolowa na mafuta ya kondoo. Hakutazama mpira.

Kipenga kilipolia, miguu yake ilitaka kuinuka yenyewe. Ng'ambo ya uwanja watu walianza kushuka ngazi, kwa mazoea tu, kama ng'ombe wanaorudi kwenye zizi lililovunjwa. Walifika langoni, wakasimama. Walikuwa kama mia mbili. Wageni waliokuwa Kilima nao walikuja hadi upande wao wa uzio, wakasimama pia, na kwa mara ya kwanza tangu Kilmorrin iwe Kilmorrin, pande mbili zilikutana na hakuna aliyekuwa na tusi.

Fergus alikuwa mbele, Isa pembeni yake. Fergus aliligusa kufuli, akaligeuza kiganjani, akalitambua. Kisha aligeuka na kutazama juu, moja kwa moja, kuvuka majani yote yale, hadi jukwaa kuu. Hakuita wala hakutukana. Aliivua kofia yake nyekundu, akaishika kifuani, akangoja. Hiyo ndiyo nafasi aliyompa rafiki yake, na mtu yeyote wa Kilmorrin angeielewa: shuka, Wattie, fungua, na hatutauliza tena.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Wattie aliushika chini ya blanketi hadi meno ya ufunguo yakamwingia kiganjani. Aliona njia yote: ngazi ishirini na mbili, kichochoro, kufuli. Dakika tatu. Halafu Jumatatu ile picha kwenye kila mlingoti wa taa. Na Fergus amesimama pale mbele ya kamera zote, kofia mkononi, kana kwamba anawasaidia.

"Wanataka nini wale?" aliuliza mke wa Haldane, bila ubaya.

"Wamezoea," alisema Wattie.

Waliokuwa langoni walingoja karibu muda wote wa mapumziko. Kisha Fergus aliivaa kofia. Alisema neno na Isa, wakageuka, wakaelekea kwenye geti la kutokea, lile ambalo ukilipita huwezi kurudi, na wengine hamsini au sitini wakawafuata. Walinzi waliwafungulia kwa furaha.

Baada ya siku ile Fergus hakuingia tena Lintmill. Mtu ambaye Wattie alimwokoa asifungiwe uwanja alijifungia mwenyewe, kwa hiari, na alikufa Februari iliyofuata, akiwa kwenye kiti, viatu miguuni. Kadi za kamba zilitumwa. Wattie alikaa nyumbani siku tatu akisikiliza mlango wa barua. Kamba ya pili, alisikia dukani, alipewa mwenye baa. Hakwenda mazikoni. Isa alihamia kwa binti yake, mji wa Stranraer, kabla ya Pasaka, na hakuaga. Wattie angeweza kumwandikia sasa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kufungiwa. Lakini kumwandikia kungekuwa ni kuibandika ile picha juu ya kaburi, ili yeye apate kusamehewa. Akaacha. Ufunguo ameutia katika Biblia, pamoja na kadi ya Lachie, na Biblia haifungiki vizuri.

Kwa hiyo mara ya mwisho alipowaona ilikuwa ile Jumamosi, kipindi cha pili. Rovers walikuwa wakishambulia goli la Kilima, na nyuma ya ukuta wa goli hilo kuna kilima chenyewe, nje ya uwanja, ambako zamani wasio na kiingilio walisimama bure. Aliwaona wanapanda mmoja mmoja kwenye nyasi zilizolowa, wazee wakishikana mikono, mpaka wakafika juu wakajipanga, nyuma ya kipa wa wageni, mahali pao pa kipindi cha pili. Walifika. Fergus alikuwa na mfuko wake mkononi, maana walinzi walikuwa wamemrudishia alipotoka. Aliufungua. Alimpa Isa pai, akatoa yake. Kisha alitia mkono tena mfukoni, akasita, akautoa mtupu. Akaukunja mfuko mdomo wake mara mbili, kwa uangalifu, pai ya tatu ikiwa bado ndani, akautia ndani ya koti, akageukia mpira.